Rula ya Mwalimu

Suruali ilirudi Ijumaa, saa nne asubuhi. Mwenyewe aliitupa juu ya cherehani, akasimama mikono kiunoni.

"Fundi, hebu nisomee hapo."

Fundi akaipindua. Ndani ya mguu wa kulia, kwa chaki ya kushonea, mwandiko wa kitoto ulikuwa umejipanga mistari minne: ndoo, mbwa, nyanya, ng'ombe. Hilo la mwisho lilikosewa mara ya kwanza, likafutwa kwa kidole, likaandikwa upya chini yake.

"Nimeivua kwa daktari," mteja akasema. "Daktari kaniuliza niko darasa la ngapi."

Waliokuwa wakipita barabarani wakacheka. Siku nyingine Fundi naye angecheka, maana alikuwa mtu wa mzaha, na wateja wengine walimfuata kwa maneno yake kuliko kwa mshono wake. Leo alichukua brashi akaipangusa ile chaki kichwa kikiwa chini, akiomba radhi kama aliyekamatwa na mali ya wizi. Madaftari yalikuwa yameisha tangu mwezi uliopita. Binti zake wawili waliandika imla kwenye vipande vya kitambaa cheusi, wakishapangusa wanaandika tena, na katika lundo lile jeusi pembeni ya cherehani haikuwa ajabu suruali ya mtu kugeuka ubao.

"Wapeleke shule hao watoto, fundi," mteja akasema akiondoka. "Shule zipo."

Hilo la shule ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi. Wiki mbili nyuma Afisa Elimu alikuwa amepita barazani, akawakuta watoto wakisoma saa ambayo wenzao wako madarasani, akatoa kalamu. Mtoto wa umri wa shule hakai nyumbani, aliandika, hata kama nyumbani pana mwalimu. Shule ya jirani ilikuwa imejaa pomoni darasa la kwanza. Nafasi zilikuwapo darasa la pili na la nne tu, na za kugombaniwa. Jumatatu watoto wangepimwa kusoma, imla na hesabu. Mkubwa, mwenye miaka tisa, ambaye kwa ubishi wake baba yake alimwita Wakili, alitakiwa kufaulu kuingia la nne. Mdogo alikuwa na saba, mfupi, wa mviringo, akaitwa Kifungo, naye alitakiwa kufaulu kuingia la pili. Atakayeshindwa angekwenda kwa shangazi yake, mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, ambako shule ya kulipia ilikuwa ng'ambo tu ya barabara na Shangazi alikuwa na uwezo wa kuilipa. Hayo yalikwisha kusainiwa mbele ya Afisa Elimu. Fundi mwenyewe alikuwa ametia sahihi, kwa mkono ule ule unaokata kitambaa bila kutetemeka.

Shangazi alikuwa ameshafika tangu jana na begi lake. Hakuwa mtu mbaya. Aliosha vyombo, alimgeuza wifi yake kitandani, alipika. Lakini alikuja na boksi la viatu vipya vyeusi, saizi ya Kifungo, akalisukuma chini ya kitanda. Fundi aliliona. Tangu jana hakuwa na hamu ya kula.

*

Mkewe mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na ndiye aliyeanza mambo haya. Aliwahi kufundisha darasa la kwanza lenye watoto mia na kumi chumba kimoja, akasema wa kwake atawafundisha mwenyewe, mezani pake, mpaka wajue. Watu walisema anajidai. Wakili akasoma akiwa na miaka minne, watu wakanyamaza. Kisha kiharusi kikamwangusha akiwa na chaki mkononi, miezi kumi na moja sasa, kikamchukua upande wa kulia na ulimi wote.

Masikio yake yalikuwa mazima. Akili ilikuwa nzima, hilo kila mtu alilijua, maana ukimwambia jambo la kuchekesha alicheka kwa nusu ya mdomo. Basi Fundi akamtilia rula ya mbao katika mkono wa kushoto, wakapatana: akigonga ubavu wa kitanda mara moja ni sahihi, mara mbili ni kosa. Hivyo shule ikaendelea. Fundi aliishia darasa la tatu na kusoma kwake kulikuwa kwa kupapasa, lakini alisimamia. Hesabu aliichukua yeye, huko barazani kwenye cherehani. Kusoma na imla kulifanyika chumbani kila alasiri, watoto wakimwonyesha mama, mama akigonga. Fundi alijivunia mpango huo kuliko suti yoyote aliyowahi kushona.

Alasiri ya Ijumaa hiyo Kifungo alikaa sakafuni, akaandika maneno kumi aliyosomewa na dada yake. Alipomaliza, Fundi akanyoosha mkono kwenye lundo la vitambaa alilokuja nalo kutoka barazani, akachukua kitambaa cheusi chenye chaki, akakiinua mbele ya macho ya mkewe.

"Haya, Mwalimu. Mpe haki yake, usimpendelee."

Macho ya Mwalimu yakatembea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, yakashuka, yakatembea tena. Kisha akatazama uso wa Kifungo uliokuwa ukitabasamu kwa matumaini. Rula ikagonga mara moja.

"Sahihi yote!" Fundi akasema, akakigeuza kitambaa na yeye ajionee.

Kilikuwa kipande cha mbele cha suruali ya mteja. Palikuwa na alama mbili za msalaba, mstari wa pindo, na vipimo: 32, 41. Maneno ya Kifungo yalikuwa bado pale sakafuni, kwenye kitambaa kingine.

Fundi alisimama hapo na kile kipande mkononi. Alimtazama mkewe. Mkewe naye alikuwa akimtazama, akingoja kitambaa kingine, rula ikiwa tayari.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana, Mwalimu. Pumzika kidogo."

*

Wakili alimfuata barazani kabla hajaitwa.

"Umejua," akasema.

"Nimejua nini?"

"Kwamba mama hawezi kusoma tena."

Fundi akakaa kwenye kigoda. "Wewe ulijua tangu lini?"

"Siku nyingi. Nilimshikia kitabu juu chini, akagonga moja. Nikamshikia tena kesho yake. Anaangalia nyuso zetu, baba. Tukisoma bila kusita anagonga moja. Tukisitasita anagonga mbili. Ndiyo maana mimi sisiti."

"Na hukuniambia! Mtoto wewe! Miezi yote hii mimi naleta vitambaa pale kama mjinga, nasema mpe haki yake, mpe haki yake..."

"Ungejua ungeacha kumuuliza," Wakili akasema. Ule ubishi ulikuwa umemtoka. "Na ukiacha kumuuliza, mama atabaki na kazi gani?"

Fundi akauficha uso kwa kile kipande cha suruali, na chaki ikamwingia machoni, akapata kisingizio cha kuyafuta. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amebeba jambo zito kuliko lake, wala hakulilia.

"Nani alikuwa anasahihisha, basi?"

"Mimi. Kwa madaftari ya zamani ya mama. Kifungo namwonyesha makosa yake tukienda kuteka maji."

"Anajua?"

"Anajua kiasi. 'Ng'ombe' inamsumbua. Na akisoma haraka anaruka maneno."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Alikuwa amesikia yote. Akaliweka beseni chini, akasema polepole, "Mdogo wangu, si aibu. Umejitahidi kuliko wanaume wengi. Niachie huyu mdogo mwaka mmoja tu, upate kuhema."

"Dada, sijaomba kuhema."

"Najua. Nakuonea huruma."

"Basi nionee huruma Jumanne. Leo bado ni Ijumaa."

*

Jumamosi na Jumapili cherehani ilifunikwa. Wateja wawili walikuja, wakaambiwa warudi. Mmoja alitukana waziwazi, akisema fundi ni mwongo tangu dunia ianze, na Fundi akamwitikia, "Kweli kabisa, mama, njoo Jumatano." Alikuwa na siku mbili za kumwokoa mtoto, na kelele za watu hazikumwingia kichwani.

Walikaa barazani watatu. Wakili alisoma neno, Kifungo akaliandika, Fundi akapangusa. Walisoma vitabu vya Mwalimu vyenye kurasa zilizolegea, kipande cha gazeti kilichofungia sabuni, maandishi ya kwenye gunia. Kidole cha Kifungo kilitembea chini ya maneno, na kila alipotaka kuruka dada yake alikikamata.

"Usikimbie. Nani anakufukuza?"

"Shangazi," Kifungo akasema.

Shangazi alikuwa karibu, anaanika nguo. Hakugeuka, ila mikono yake ilisimama kidogo kwenye kamba.

Kufika Jumapili alasiri Kifungo alikuwa ameandika ng'ombe mara saba mfululizo bila kosa. Wakaenda chumbani. Fundi akamwonyesha Mwalimu kile kitambaa, kama kila siku, na rula ikagonga mara moja, na safari hii ilikuwa kweli. Fundi alifurahi mno hata akambusu mkewe kwenye paji la uso mbele ya dada yake.

"Na hesabu je?" Shangazi akauliza. "Mbona sijawasikia na hesabu? Hebu muulize kidogo."

"Dada, mimi nimeshika futi miaka ishirini. Mtoto wangu akosee kuhesabu? Hesabu hiyo imo damuni."

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa alivyoona yeye. Kifungo alivaa shingoni futi ya kupimia, ile kuukuu ya baba yake, ambayo upande wa sentimita namba zilikwisha kufutika kabisa, ukabaki ule wa inchi tu. Ukimwambia kumi na saba jumlisha tisa, anaweka kidole, anateleza, anakwambia ishirini na sita kabla hujafumba mdomo. Wateja walimjaribu, wakampa peremende. Baba yake alikuwa akikata kitambaa cha jora huku akiimba vipimo, na mtoto alikuwa akiitikia. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kumuuliza zaidi.

*

Ofisi ya Mkuu wa shule ilikuwa na meza, makabati mawili na benchi moja ambalo wazazi waliketi wakiwa wamebanana. Nje kwenye kivuli cha ukuta walikuwako kumi na mmoja wengine wakingoja. Fundi alikuwa amevaa koti alilojishonea siku ya harusi yake. Tangu wiki iliyopita alikuwa amewashonea watoto magauni mapya kwa mabaki ya rangi moja, ili waonekane wametoka nyumba moja yenye utaratibu.

Wakili alianza. Alisoma ukurasa mzima bila kusita hata mara moja, imla akapata kumi, hesabu kumi. Mkuu alivua miwani akamtazama.

"Nani amekufundisha?"

"Mama," Wakili akasema.

"Nilifanya naye kazi. Mwambie nimeuliza hali yake." Akaandika: la nne.

Kifungo akapanda kiti, miguu ikining'inia. Alisoma polepole, kidole chini ya neno, hakuruka hata moja. Imla ilikuwa na maneno kumi. Akapata tisa, na ng'ombe akamwandika sawasawa, ile alama yake ya juu ipo mahali pake. Fundi alibana viganja katikati ya magoti asije akapiga makofi. Alijiona tayari anarudi nyumbani, anavuta lile boksi la viatu chini ya kitanda na kumrudishia dada yake kwa adabu.

"Hesabu," Mkuu akasema. "Hicho cha shingoni kivue, mwanangu. Hapa tunatumia kichwa."

Kifungo akamtazama baba yake. Baba akaitikia kwa kichwa kwamba avue, akavua.

"Ishirini na tano jumlisha kumi na tatu."

Mtoto akafumba macho, kidole kikatembea hewani. "Thelathini na nane."

"Safi. Hamsini na nane jumlisha saba."

Kidole kikatembea, kikasimama, kikarudi mwanzo. "Tano."

"Rudia."

"Tano," Kifungo akasema kwa uhakika wake wote. "Ukifika sitini unabana kwa kidole gumba, unaanza tena moja."

Mkuu akaweka kalamu chini. "Baada ya sitini inafuata ngapi?"

"Hakuna. Imeisha. Panakuja kile chuma cha mwisho wa futi."

"Na mia moja je? Hujawahi kutumwa dukani na mia moja?"

"Mia ni pesa," Kifungo akamweleza kwa upole, kama anamwonea huruma. "Namba zinaishia sitini."

Wazazi wa kwenye benchi wakaangua kicheko. Mkuu naye alianza kucheka, kisha akauona uso wa Fundi, akaacha. Wakili hakucheka. Alikuwa ameweka mkono mdomoni, kwa maana hili hakulijua. Hesabu ilikuwa ya baba, na baba hakuhitaji kusahihishwa.

Fundi aliinuka. "Mkuu, hilo ni kosa langu. Ni langu mimi, si la mtoto. Nipe mpaka kesho. Nipe mpaka saa nane ya leo."

"Fundi, nafasi za la pili zimebaki tatu. Umewaona walioko nje?"

"Anajua kusoma! Umemsikia anavyosoma!"

"Nimemsikia. Lakini darasa la pili wanaanza na mamia wiki hii, na mwalimu mmoja ana watoto tisini. Nani atamshika mkono?" Sauti yake haikuwa ya ukali. "Mlete mwakani."

"Koti hilo," Fundi akasema, na yeye mwenyewe akashangaa kuisikia sauti yake. "Koti hilo mabega yamekulegea, Mkuu. Nitakushonea suti. Nzima. Kwa kitambaa changu."

Mkuu alitazama mabega ya koti lake, kisha dirisha, masikio yakimwiva kwa aibu, na aibu ile haikuwa yake. Akaandika barua fupi ya majibu, akaikunja, akamkabidhi Fundi kwa mikono miwili.

"Mwite anayefuata," akasema.

*

Njiani Wakili alitangulia mbele peke yake, akipiga teke mawe. Kifungo alishika mkono wa baba yake, futi imerudi shingoni.

"Baba, kumbe baada ya sitini kuna nini?"

"Kuna sitini na moja."

"Halafu?"

"Sitini na mbili."

"Sitini na tatu!" Kifungo akasema, akasimama katikati ya njia. "Halafu nne, halafu tano! Ni zile zile! Na ukifika sitini na tisa?"

"Sabini."

"Kama hamsini na tisa, sitini!"

Akaanza kuhesabu hatua. Walipopita kwa muuza mkaa alikuwa themanini na mbili. Kwenye kona ya mashine ya kusaga alifika tisini na tisa, akamtazama baba yake, na baba akamwambia mia, na mtoto akacheka kwa mshangao kwamba kumbe pesa nayo ni namba. Mia na moja. Mia na mbili. Hakuna aliyehitaji kumsaidia tena. Walipofika mlangoni pao alikuwa mia tatu na arobaini, na kila kitu alichotakiwa kukijua ofisini kwa Mkuu alikuwa amekijua ndani ya dakika chache za kutembea. Fundi aligeukia ukuta wa nje, akaweka paji la uso kwenye tofali, akalia bila sauti mpaka Wakili akamvuta shati.

Shangazi alikuwa mlangoni. Aliwasoma usoni. Akasogea wapite.

Mwalimu alikuwa ameegemezwa kwa mto, nywele zimechanwa, amevaa blauzi yake ya kufundishia. Alikuwa amemwomba wifi yake kwa ishara amvalishe. Rula ilikuwa mkononi.

Fundi alifungua barua, akaishika mbele ya macho yake kama alivyoshika vitambaa vyote vile. Macho ya Mwalimu yakatembea kutoka kushoto kwenda kulia, yakashuka, yakatembea tena.

"Umeona, ee?" Fundi akasema kwa ile sauti yake ya mzaha ya barazani. "Wamefaulu. Wote wawili. Mkuu anakusalimu, anasema hajawahi kuona."

Mwalimu akaiacha barua. Akamtazama mumewe usoni, kwa muda mrefu.

Rula ikagonga mara moja. Fundi akaanza kushusha pumzi. Ikagonga mara ya pili.

"Mwalimu, nakwambia wamefaulu."

Mara mbili tena, kwa nguvu zaidi, mpaka boksi la viatu likatikisika chini ya kitanda. Nje sauti ya Kifungo ilikuwa ikisikika uani, mia tatu na hamsini na moja, mia tatu na hamsini na mbili.

Fundi akakunja barua. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaushika ule mkono wa kulia usiohisi kitu.

"Wakili kaingia la nne," akasema. "Kifungo ameshindwa hesabu. Nilimfundisha vibaya. Anaondoka kesho na dada, basi la asubuhi."

Mwalimu alifumba macho. Rula ikakaa hewani muda ambao Fundi hakuweza kuuhesabu. Kisha ikashuka, ikagonga mara moja.